Bibi Afya Aliyemwaga Chakula cha Msiba

Baba Paroko, Mchungaji, viongozi wa wilaya yetu ya Nyasa, majirani wa Ngumbo, na ninyi mliokuja kwa magari na kwa mitumbwi kutushika mkono, mimi ni Aidan Ndunguru, mdogo wake marehemu, yeye ndiye aliyeniachia ziwa la mama, na ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu Ottilia, kazi ambayo angekuwa hai angeikagua kwanza kabla hamjaisikia.

Dada Ottilia alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Mpepai, Mbinga, mtoto wa tatu wa Mzee Bernadi Ndunguru na Mama Hildegardi, wakulima wa kahawa na mahindi, akasoma shule ya msingi hapohapo Mpepai kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Songea hadi 1976. Baba alitaka awe mtawa, yeye akataka kusomea afya, na kwa kuwa wote wawili walikuwa wabishi, nyumbani palikuwa pazito mpaka aliporudi kutoka chuoni Mpwapwa mwaka 1979 na cheti chake, baba akakisoma mara mbili, jioni akachinja kuku.

Januari 1980 aliajiriwa kuwa Bibi Afya, akapangiwa Lituhi, akashuka kutoka milimani na sanduku moja, akaanza kukagua vyoo, visima, mabucha na vilabu vya pombe, huku mwambao wote wa ziwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2018. Hakujua kuiacha kazi ofisini, kwani nilipokwenda kuposa alitangulia kuomba kuonyeshwa choo cha wakwe kabla ya kuonyeshwa mchumba, akakuta hakina mfuniko, na posa yangu ikasimama mpaka mfuniko ulipopatikana. Mke wangu Tadea amekaa pale, leo anacheka, siku ile hakucheka.

Tarehe 8 Oktoba 1983 alifunga ndoa na Mwalimu Hamphrey Chiwambo wa hapa Ngumbo, wakajaliwa watoto watatu, Glorious, Ignatio na Vitalia, wakaishi vizuri mpaka shemeji yetu alipotutoka tarehe 2 Mei 2009, na leo tunamlaza dada pembeni yake.

Sasa naomba niseme jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Januari 1999 kipindupindu kiliingia mwambao, na katika kijiji kimoja cha jirani alifariki Mzee Wilfred, mvuvi aliyeheshimika sana, dada akafika msibani akakuta maiti imeoshewa ufukweni, palepale wanawake walipochota maji, mikono inanawiwa karai moja, na chakula kimeshatengwa mikekani. Huku kwetu chakula cha msiba ni cha marehemu mwenyewe, ndiyo mara ya mwisho anakaribisha wageni nyumbani kwake, kwa hiyo dada alipoomba kisiliwe wazee walimwambia akae chini ale kama mtu mwenye adabu. Hakukaa. Alimwaga ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa wote mchangani, sinia moja baada ya jingine, mbele ya mjane, Mama Lidia, kisha akapanda mtumbwi akaenda kijiji cha pili ambako watu walikuwa wanaharisha tayari.

Tangu siku hiyo ukoo ule haukumwita tena, akipita wanaitikia salamu kwa mdomo tu, na shemeji alipofariki hawakuonekana, na ninyi watu wa mwambao mnajua maana ya kutoonekana msibani. Dada hakulalamika, alisema alimwaga na angemwaga tena, lakini mimi ndugu yake nilijua inamuuma, maana kila aliporudi Mpepai hakumaliza siku bila kumtaja Mama Lidia.

Mwaka jana Bwana Steven Kapinga, aliyejifunza kazi chini yake na sasa ni afisa afya, alimpendekeza kwa tuzo ya utumishi wa maisha katika afya ya jamii, na dada akamjibu kwamba hataki jina lake liende popote kabla watu wale hawajaulizwa kama anastahili. Steven alikwenda akarudi mikono mitupu, akaenda tena, na mara ya tatu Mama Lidia akamjibu, nami nayarudia maneno yake kwa ruhusa yake: "Chakula alimwaga sawasawa, tumeshazika wengine tukaelewa. Lakini alimwaga akaondoka. Hakurudi kukaa matanga na mimi."

Dada aliposikia hivyo alilia, kwa sababu miaka yote alidhani kosa lake ni yale masinia. Wakati huo moyo wake ulikuwa umeshatanuka, miguu imevimba, madaktari wamemkataza safari, naye akawasikiliza kwa heshima kisha akamwagiza Ignatio atafute mtumbwi wa mashine. Tarehe 22 Februari mwaka huu alifika kwa Mama Lidia, akavua viatu, akakaa mkekani mpaka jua likazama, wakamlilia Mzee Wilfred pamoja, na siku ya pili Mama Lidia akampigia Steven simu mwenyewe akamwambia, "Haya, mwandikeni."

Kuanzia Aprili hali yake ilishuka, akalazwa Mbinga, kisha Songea, akaomba kurudishwa nyumbani, na alfajiri ya Jumatatu tarehe 9 Juni 2025 akapumzika, akiwa na miaka 67, na wanawe wote watatu wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbinga na Songea, ambao aliwakosoa kuhusu ndoo zao za taka nao wakavumilia, inawashukuru majirani wa Ngumbo kwa kuni, maji na turubai, jumuiya kwa sala, na wafanyakazi wenzake waliombeba kwa zamu. Tunamshukuru pia Mama Lidia, aliyefika Jumatatu ileile kabla hata sisi wa Mpepai hatujashuka. Tuzo imekubaliwa, itatolewa Dodoma wiki ijayo, na jana familia ilimwomba yeye ndiye akaipokee kwa niaba yetu, akatushukuru, akakataa, akasema, "Nendeni ninyi vijana. Mimi sitoki hapa mpaka matanga yaanuliwe."

Dada Ottilia, kazi umeimaliza, lala sasa kwa amani.