Néhémie Wilondja na Shamba la Nne

Ndugu, majirani, wachungaji, nanyi mliovuka ziwa kuja kulia pamoja nasi: leo, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, Néhémie Wilondja Etabo alikuwa amejipangia kuvuna muhogo hapa Baraka, katika shamba la Mutambala. Hakuwa amejipangia kuzikwa. Kifo hakikumuuliza. Basi maisha yake yasomwe bila kuvutwavutwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia kukalishwa, na kwa sababu ile kazi bado inatungoja. Anayesoma ni mdogo wake, Dorothée.

Alizaliwa Nundu tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa pili wa mvuvi Etabo Lubunga na mama Rosette, ambao wote wametutangulia. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alianza kukimbia kabla ya kujua kusimama. Siku moja shambani mama alisifia muhogo wake mbele ya majirani: mbegu hii ni nzuri, nimeitoa kwa dada yangu Makobola. Mtoto akauliza, "Mama, ni mbegu ao ni udongo?" Mama akamjibu kwamba ni Mungu, na yaliisha hapo kwa kila mtu isipokuwa yeye. Msimu uliofuata aliiba miti ya muhogo ule akaipanda uani kwa jirani, kwenye mchanga, aone itafanya nini. Alichapwa kwa mmoja wa miti hiyohiyo. Kuanzia siku ile Nundu nzima ilimwita Ao-Udongo, na jina hilo halikumtoka hata alipoota mvi.

Alisoma shule ya msingi Nundu, kisha sekondari Uvira, sehemu ya kilimo, akapata diploma yake ya serikali mwaka 1988. Mwaka 1994 alimaliza chuo cha kilimo Bukavu akiwa agronome, yaani mtaalamu wa kilimo. Kule ndiko alikofundishwa namna ya kulipima lile swali lake la utoto, na alirudi likizo akitulaza na njaa kwa maelezo, chakula kikipoa mbele yetu.

Vita vya 1998 vilipofika pwani yetu, alivuka ziwa pamoja na wengi wenu mlioko hapa, akafika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Alifundisha watoto asubuhi. Alasiri alilima bustani ndogo nyuma ya hema, na hapo ndipo Aline alipomwona. Maji yalikuwa shida; ndoo ikimwagwa inalowesha tuta zima, huwezi kuupa mche mmoja na kumnyima jirani yake. Kwa hiyo Néhémie alipiga kura: tuta hili linywe kila siku, lile linywe mara moja moja, na ndani ya kila tuta akapanda maharage ya aina tatu, nayo kwa kura. Aline alimkuta akitikisa vijiwe ndani ya kikombe na kuzungumza peke yake, akamwambia rafiki yake, "Ule mwanaume iko na wazimu, lakini maharage yake inaota." Walifunga ndoa kambini tarehe 7 Julai 2001. Katikati ya karamu bwana harusi alitoweka. Walimkuta bustanini na suti yake ya kuazima, amepiga magoti, kwa sababu mbuzi walionekana upande ule. Aline hajamsamehe mpaka leo, naye anasema atamsamehe wiki ijayo.

Walirudi nyumbani mwaka 2006. Mwaka 2009 aliajiriwa na mradi mmoja wa mbegu, na kwa miaka saba alikula mshahara kama watu. Kisha mradi ukataka kutangaza kwamba mbegu yake moja ya muhogo ndiyo bora kwa pwani yote. Mkuu wake, bwana Wilfried, alimletea ripoti atie sahihi. Mbegu ile ilikuwa imepandwa katika shamba moja tu, tena lenye udongo mweusi, na nyingine zote zilikuwa kwingine.

"Tuko na miche mia ine, Agronome," bwana Wilfried alimwambia. "Unataka nini tena?"

"Miche mia ine, shamba moja," Néhémie alijibu. "Ni batoto mia ine ba mama moja. Ukibauliza kama mama yao anapika muzuri, batasema nini?"

Hakutia sahihi, na mkataba wake haukuendelea. Aline alirudi sokoni kuuza ndakala, dagaa wa ziwa letu, ili watoto wale. Mbegu iligawiwa kila mahali. Kwa wengine ilikubali, na kwa wenye mabonde ilioza ardhini. Watu walimjia kumwambia, Ao-Udongo, ulisema. Hakufurahi hata kidogo. Alikuwa akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, akisema kwamba hata yeye hakujua, alijua tu kwamba wao pia hawakujua.

Halafu ziwa likapanda. Mnakumbuka, maji yalipoingia mashambani na hata majumbani. Kina mama wa Mutambala, wakiongozwa na mama Riziki, walimfuata na swali moja: muhogo unaoza, je, tupige matuta marefu, ao tubadilishe mbegu? Matuta ya kufika magotini yanavunja mgongo. Hakuna mwanamke anayetaka kuyapiga bure. Néhémie aliwaambia bado hajui. Aliomba mashamba manne: Makobola, Nundu, Lusenda na hapa Baraka.

Kila shamba alilikata nusu mbili, na kura ikaamua nusu ipi ipigwe matuta na ipi ibaki tambarare, kwa sababu matuta ni kazi ya kundi zima, hayapigwi kwa mche mmoja mmoja. Ndani ya kila nusu alikata vipande vya mbegu tatu, kwa sababu mbegu ni kazi ya mkono mmoja. Kwa hiyo kuhusu mbegu, shamba lilikuwa na mengi ya kusema. Kuhusu matuta lilikuwa na neno moja tu, hata uhesabu miche mpaka uchoke. Ndiyo maana alihangaika na mashamba manne yaliyotawanyika namna ile, akipanda pikipiki juu na chini ya barabara hii mbovu, mvua na jua.

Msimu wa kwanza uliharibika. Shamba la Nundu lilikuwa la mama Mwanahamisi, na kura ilikitupa kipande chenye majani ya njano pembeni mwa barabara. Mama Mwanahamisi hakukubali. Kwetu mgeni anaonyeshwa sebule kwanza. Aling'oa miche michanga akaihamisha, mizuri ikakaa mbele, mibaya ikaenda nyuma kwenye migomba, na kwa upendo akaitilia ya mbele samadi ya mbuzi. Néhémie alipofika alishika kichwa.

"Mama, kura ilisema huku!"

"Kura haina haya," mama Mwanahamisi alimwambia. "Mimi niko nayo. Bageni bakipita baone nini? Majani ya njano? Baseme mi ni muvivu?"

Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akacheka mpaka akakohoa. Alianza upya, na safari hii aliyetikisa kikombe cha kura kwenye mashamba yote alikuwa mama Mwanahamisi mwenyewe. Tangu hapo hakuna mtu aliyethubutu kuhamisha hata jani.

Muhogo ulipandwa Septemba mwaka jana. Mwezi Februari, akipalilia Lusenda bila viatu, Néhémie alijikata mguu kwa kisiki. Alikuwa na kisukari tangu zamani, na kidonda hakikufunga. Daktari alimwambia alale. Aline alificha ufunguo wa pikipiki, akamkuta amepakiwa kwenye pikipiki ya mwingine, mguu umefungwa kitambaa.

"Unaenda wapi na ile muguu?"

"Kulala iko mbele, mama Vainqueur," alimwambia mkewe. "Iko ya kutosha."

Makobola ilivunwa, kisha Nundu, na matuta yaliokoa muhogo. Lusenda ikavunwa, na matuta yakakataa. Mchanga ulikauka juu, nusu tambarare ikashinda. Habari hiyo ilimkuta tayari amelazwa hospitalini kwa mguu ule, na haikumwacha alale. Alibaki na shamba la nne. Alituagiza, mimi nikiwa nimemshika mkono: nikifa, msingoje kilio kiishe, vuneni Baraka Jumanne. Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Sasa ndugu, mnaijua mila yetu. Jioni ileile Aline alipotoa neno la marehemu, baba mkubwa Norbert, mkubwa wa ukoo, alikataa.

"Jembe ikisha kuchimba kaburi, inaoshwa, inalala mpaka kilio kiishe," alisema. "Ukiiamsha, unaita kifo ingine kwa nyumba."

Mama Riziki alisimama katikati ya wanaume. "Baba, kule udongo imekuwa uji. Mizizi imeanza kunuka. Tukingoja wiki moja, ile yenye maji iliua na ile yenye kilio iliua, nani atajua kutenganisha? Septemba tutapiga matuta ao hatutapiga? Mugongo ni yetu."

Aline alizungumza mwisho, bila kulia. "Baba mukubwa, myaka yote nilimuambia akae. Hakukaa. Sasa amekufa, ndiyo munamukalisha kwa nguvu?"

Mzee Norbert alisimama akatoka. Tulidhani tumemkosea. Jana asubuhi alirudi, akakaa chini, akaomba chai.

"Tutavuna," alisema. "Lakini shina ya kwanza nitang'oa mi. Mi niko muzee. Kama kifo inafuata jembe, ikutane na mi mbele."

Nilimlilia Néhémie tangu Jumapili, lakini kwa maneno yale nililia zaidi.

Marehemu ameacha mjane, Aline, watoto watatu: Vainqueur, Chérie na Placide, mjukuu mmoja, mdogo wake Dorothée, baba mkubwa Norbert na ukoo wote wa Etabo, na kina mama wa Mutambala, ambao anawadai ao wanamdai jibu, hatujui vizuri.

Tukitoka hapa kaburini hatuendi nyumbani. Tunaenda Mutambala, ni karibu, kwa miguu. Kila kipande kimefungiwa kitambaa cha kitenge cha Aline chenye rangi yake. Familia moja, kipande kimoja, kikapu kimoja. Msichanganye vikapu. Mtu asimenye, asionje, asimtilie mtoto wake hata mzizi mmoja mfukoni, mpaka Chérie, ambaye amefuata kazi ya baba yake, awe amepima. Mama Mwanahamisi tunakuheshimu, lakini leo usipange mizuri juu. Iliyooza nayo ipimwe, kando. Ikishapimwa yote, iliyo mizima tutaipika, na hicho ndicho chakula cha kilio chetu.

Shamba likisema matuta, tutasema matuta. Likikataa, tutasema mbele yenu wote kwamba bado hatujui, kama yeye angesema, na Septemba tutaomba mashamba mengine.

Wengi wenu mtasema sasa apumzike kwa amani. Nami nasema hivyo, kaka yangu apumzike kwa amani, ikiwa ataweza. Baba mkubwa Norbert, jembe hili halijaoshwa. Tangulia, tunakufuata.