Mzee Moffat Theuri, Mlinzi wa Ua la Kisiwani

Tarehe 30 Juni 1987, Mzee Moffat Theuri anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuulinda mlima wetu.

Alipoajiriwa kuwa mlinzi wa msitu mwaka 1964 alikuwa kijana wa Tetu aliyezoea kahawa na ng'ombe wa maziwa. Alipelekwa juu kabisa, msitu unapoishia, kulinda ziwa dogo lenye kisiwa katikati. Kisiwani humo huota ua la buluu, lenye majani ya manyoya kama blanketi, ambalo halijaonekana popote pengine. Wengi wetu tungeomba uhamisho kabla ya Krismasi. Yeye aliunda chelezo cha mapipa matupu, akavuka kulitazama, akarudi ameloa na anatabasamu.

Alijaribu kulipanda nyumbani kando ya sukuma wiki, likafa. Na kwa kuwa halikuwa na jina la kienyeji, wageni aliwaambia linaitwa Ngendo, kama mkewe. Siku mgeni mmoja alipomweleza Mama Ngendo, mbele ya kanisa, kwamba amemwona mlimani akiwa amejaa manyoya, chakula cha jioni kilichelewa sana.

Mwaka 1984 hatukucheka. Ukame ulikausha ziwa, na kisiwa kikawa kilima tu ambacho mnyama yeyote angeweza kukifikia kwa miguu. Bwana Warfa, mfugaji kutoka upande wa Doldol, alipandisha mifugo yake iliyobaki mifupa. Mzee alisimama mbele yao peke yake.

"Ng'ombe yangu inakufa," Warfa alimwambia, "na wewe unalinda maua?"

"Ng'ombe nitakutafutia majani," Mzee akajibu. "Lakini hii ikikuliwa, hakuna mahali ingine iko."

Baadaye alituambia kwamba aliona haya kuzitazama mbavu za wale ng'ombe. Alishuka siku hiyo hiyo hadi kwa bwana msitu na kumwombea Warfa ruhusa ya kulisha kwenye uwanda mmoja wa chini uliokuwa bado na nyasi. Ruhusa ikatoka. Warfa naye hakukaa bure: yeye na wanawe walikata matawi ya miiba, wakayapandisha kwa punda, na kukizungushia kilima boma ambalo hata nyati hakulivunja.

Mvua iliporudi, ziwa lilijaa na ua likachanua. Warfa alipanda mlima kuliona, akalizunguka, kisha akasema ni dogo kuliko alivyodhani. Tangu hapo wawili hao hutembeleana kila Krismasi na kila Idi.

Mzee Theuri, umetufundisha kazi na kutuchekesha penye baridi. Asante, na asante kwa Mama Ngendo aliyetuazima wewe. Njia ya kwenda Tetu ni mteremko mtupu. Ishuke polepole, ukapumzike, nasi tunakuombea afya na miaka mingi ya chai ya moto.

Wacera Kingori, Kitalu cha Miche