Sufuria Moja Isiyo na Magadi

Bwana asifiwe, wapendwa! Na ninyi mliokaa karibu na mlango ili muwahi kupika, Bwana asifiwe!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Mama Neema, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Miaka mingi nimebeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka huku juu hadi barabarani. Mgongo ukilalamika, naunyamazisha kwa vidonge vya maumivu. Asubuhi vidonge, jioni vidonge, navinunua dukani kama pipi.

Wauguzi walipokuja hapa kanisani kupima figo, mimi ndiye niliyewahimiza wengine. Nikatoa mkojo na damu ili tu wazee wasiogope. Baba Neema, mume wangu, alikataa katakata. Aliapa hatabeba kikopo cha mkojo mbele ya mchungaji. Nami sikuwa naumwa popote! Kumbe figo huharibika kimyakimya. Presha ilikuwa juu, mkojo una protini. Baada ya miezi mitatu hospitali wakanipima tena, majibu yaleyale: ugonjwa sugu wa figo. Daktari akasema niache vile vidonge, nimeze dawa ya presha kila siku, nipunguze chumvi, na magadi yasiguse chakula changu, maana nayo ni chumvi. La sivyo nitaishia kwenye mashine ya kusafisha damu.

Nililia, ndugu zangu. Niliomba mpaka sauti ikakauka.

Sasa, Baba Neema mnamjua. Ndizi na maharage bila magadi kwake si chakula, ni adhabu. Nikawa napika sufuria mbili, yake na yangu. Nilikula yangu kwa huzuni, najiona mgeni ndani ya nyumba yangu. Siku moja natoka shambani, nakuta sufuria yangu tupu, yake haijaguswa. Nikapandwa na hasira, nikamuuliza mimi nitakula nini. Akasema polepole, "Mama Neema, acha kupika mbili. Hiyo ya magadi unampikia nani?"

Hapo ndipo Mungu aliponifungua moyo. Tunakula sufuria moja. Bado ananuna akionja, lakini anamaliza sahani. Majuzi nimepimwa: presha imeshuka, protini imepungua, figo zimebaki palepale, hazijaporomoka. Daktari hakusema nimepona, nami siwezi kudanganya madhabahuni. Lakini nalala usingizi, nina furaha. Asante Yesu!

Ndugu zangu, mtegemeeni Bwana, kisha tokeni mkapimwe. Wauguzi wamerudi, wako hapo nje. Tena msiogope kikopo. Chungulieni dirishani mwone nani amewahi foleni: ni Baba Neema, na cha kwake anacho mkononi.