Lydia Yotham Ndahani na Kizazi cha Komandoo

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, viongozi wa mtaa, majirani wa hapa Veyula, wenzake marehemu mliotoka ranchi, na ndugu zetu Waislamu mliotoka Majengo kuja kuzika pamoja nasi, poleni na msiba na asanteni kwa kufika, mimi naitwa Lameck Yotham Ndahani, wa Chamwino, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya dada yetu.

Niseme mapema kwamba karatasi hizi hazikuandikwa na kamati, ameziandika marehemu mwenyewe kwa peni ya bluu, akiwa wodini mwezi uliopita, akanikabidhi mimi, na pale alipoona inafaa ameacha nafasi nijazie. Kuna mstari mmoja humu ambao tangu Jumatatu nimeukunja na kuukunjua nikitafuta namna ya kuupita, na mtausikia ukifika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika kitongoji cha milimani karibu na Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mzee Yotham Ndahani na mama yetu Raheli. Alipokuwa na miaka tisa aliona jambo alilolisimulia hadi uzeeni, kwamba baba alikuwa na fahali mwekundu, mkubwa kuliko wote bondeni, watu wakija kuomba fahali huyo awapande ng'ombe wao, lakini baba akamhasi na kumfanya maksai wa kukokota jembe, kwa sababu mama yake fahali yule alipokuwa akishuka mlima kwenda kunywa maji aliburuta mguu wa nyuma. Wanaume wa bondeni walimcheka wiki nzima, na baba akawajibu mara moja tu, akasema, "Fahali mnamwona mmoja, lakini nyuma yake yupo mama yake, na mbele yake wapo watoto mia." Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini maneno hayo dada alinilisha pamoja na uji, na laiti uji ungeshuka bila kuniachia kitu ningesema nilisahau, ila sikusahau.

Alisoma shule ya msingi Kibakwe mwaka 1966 hadi 1972, akaendelea na sekondari ya wasichana Msalato mwaka 1973 hadi 1976, kisha akajiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa mwaka 1977, akahitimu mwaka 1979 na kuajiriwa mwaka huohuo katika ranchi moja upande wa Kongwa, alikofanya kazi miaka thelathini na tisa bila kuhama. Wenzake waliopo hapa watanishuhudia kwamba dada, waliyemwita Mama Seth, alikuwa akisimama kwenye mlango wa josho, ng'ombe wanapita mmoja mmoja, na bila kutazama alama ya sikio anakwambia huyu ni mtoto wa yule, na yule mama yake alikuwa na udhaifu huu na huu, na mkifungua daftari la ranchi mnakuta ni kweli. Mimi nilisimama naye pale siku moja, mwaka 1991, nikaona ng'ombe, vumbi na mikia, yeye akaona ukoo mzima unapita.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na marehemu Thobias Mhawi, dereva wa trekta wa ranchi hiyo, katika kanisa la Kongwa, wakajaliwa watoto wawili, Seth aliyezaliwa mwaka 1986 na Devota mwaka 1989, na wajukuu wanne. Shemeji Thobias alitangulia mwaka 2009, na dada hakuolewa tena, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, alishapata aliyecheka vichekesho vyake na hakuwa na muda wa kumfundisha mwingine.

Alistaafu Machi 2018, akajenga hapa Veyula, na huo ndio wakati serikali ilikuwa inahamia Dodoma, nyumba zinaota kila upande, kila nyumba ina ukuta na kila ukuta unataka mbwa. Mwezi Aprili 2019 aliletewa kutoka Arusha mtoto wa mbwa dume, aina ya Jemani shepadi, mwenye miezi miwili, akampa jina Komandoo, na waliomwona yule mbwa akiwa na mwaka mmoja wanajua kwamba sitii chumvi nikisema watu walisimamisha magari barabarani kumtazama, kifua kipana, masikio wima, ukuta wa futi sita anauruka na kurudi. Wenye majike walipanga foleni, na dada akakubali kumpandisha akiwa na miezi kumi na minne tu. Hapa ameandika maneno mawili, "Nilikosea. Niliharakisha." Najazia kwamba aliyemharakisha ni mimi, nilimwambia bahati haigongi hodi mara mbili, na akanisikiliza, mara moja tu katika maisha yake.

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2021 Komandoo alikuwa amezaa watoto thelathini na mmoja, nao dada aliwatoa kwa namna baba alivyokuwa akiweka ng'ombe wake kwa jirani, yaani unamfuga, ni wako, lakini mwenye kizazi ana ruhusa ya kuja kumtazama wakati wowote. Mwezi Machi mwaka huo Bwana Munir wa Majengo, muuza vifaa vya ujenzi, ambaye nimemwona amekaa pale nyuma, alimpigia simu kwamba mbwa wake wa miezi tisa anachelewa kuinuka asubuhi, na akikimbia anarusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Dada alikwenda siku hiyohiyo, akakaa juu ya mfuko wa saruji hadi mbwa alipoinuka, akampapasa nyonga, akarudi nyumbani na kumwangalia Komandoo, ambaye muda ule alikuwa akiruka ukuta kama kawaida yake.

Tarehe 18 Mei 2021 alimpeleka Komandoo Morogoro kwa madaktari wa wanyama, nami nikamsindikiza, mbwa akalazwa usingizi, akapigwa picha za mifupa, na daktari akazitundika kwenye taa. Ndugu zangu, mimi si msomi, lakini kile nilichokiona hakijanitoka hadi leo, kwamba kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga kama yai kwenye kiota, na kwa Komandoo kimekaa ukingoni, pande zote mbili, wakati mbwa mwenyewe hajawahi kuchechemea hata siku moja. Daktari alieleza kwamba ubovu huo hurithiwa, hutoka kwa baba na kwa mama, waweza kujificha kwa mbwa mzuri kabisa na kutokeza kwa mtoto au mjukuu, na kwamba chakula kingi na unene huuzidisha, ila hauanzii hapo, na ndiyo maana mbwa hapandishwi kabla ya kutimiza miaka miwili na kupigwa picha, yeye na mwenzake. Nikamtazama dada nikidhani atalia, kumbe alikuwa ameduwaa, mkono mdomoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba alikuwa anaiona hii bila taa."

Tarehe 12 Juni 2021 Komandoo alihasiwa, dada akimshika kichwa mwenyewe, na wiki hiyohiyo alikataa oda ya kampuni ya ulinzi iliyotaka watoto kumi na wawili. Nilimwambia anaharibu jina lake bure, kwamba hakuna mtu anayemuuliza mbwa wazazi wake, naye akanijibu, "Mbwa hawezi kuulizwa, Lameck, ndiyo maana tunaulizwa sisi."

Kuanzia Julai hadi Desemba mwaka ule, mwanamke wa miaka sitini na mitatu, kwa bodaboda na bajaji, Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa hadi Kibakwe, alikwenda nyumba thelathini na moja, akabisha hodi, akasema mbwa niliyekupa ana kasoro ya ukoo, kosa ni langu, usimpandishe, mlishe kwa kipimo, asinenepe, asirukishwe kupanda wala kushuka magari, na kama humtaki nirudishie. Wapo waliomtukana, yupo aliyemfungia geti, na saba walirudisha mbwa, nao akawatunza katika mabanda haya mnayoyaona hadi leo. Nyumba ya thelathini na moja ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa na Kepteni, mtoto wa kwanza wa Komandoo na anayefanana naye kuliko wote. Nilimkaribisha dada chai, nikamwambia Kepteni nimempeleka kwa shemeji yangu, na kwamba tutamhasi.

Mwaka 2022 alianza upya, na jike na dume ambao wote wawili, na wazazi wao, walikuwa na picha, na Machi 2023 wakazaliwa watoto sita, hakuna aliyepandishwa kwa miaka miwili, watu wakimcheka kama walivyomcheka baba. Aprili mwaka huu, wakati moyo wake umeshachoka na miguu imevimba, Devota alipeleka mbwa wote sita Morogoro kwa awamu, akarudi na picha, na dada akaomba zishikwe moja moja mbele ya dirisha la wodi. Nilikuwepo. Nyonga kumi na mbili, zote zimekaa mahali pake, jua la Dodoma linapita katikati ya mifupa, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wameinuka kutazama bila kujua wanatazama nini. Sijawahi kuona mtu akifurahia uso wa mjukuu kama yule mama alivyofurahia mifupa ile.

Ni katika wodi hiyo, tarehe 20 Mei 2025, aliponikabidhi karatasi hizi, akaniambia, "Historia yangu utaisoma wewe, mdogo wangu. Nilipoishia malizia, na usiache kitu." Nikamwambia dada pumzika, utapona, akafumba macho. Nilizisoma Jumatatu hii, saa chache baada ya yeye kuondoka, na mstari wenyewe ndio huu, nausoma kama ulivyo.

"Watoto wa Komandoo walikuwa thelathini na mmoja, wote nimewaona wakitembea. Wajukuu wake sijui idadi yao, anayeijua ni mdogo wangu Lameck."

Hapo peni yake imeishia, na chini yake ameacha ukurasa mzima mweupe.

Ni kumi na tisa. Kepteni hakwenda kwa shemeji kokote, alikuwa nyuma ya nyumba yangu, na mwaka 2022 na 2023 nilimpandisha mara tatu, nikawatoa watoto kumi na tisa nikiwaambia watu kwamba hii ni damu ya Mama Seth, mkiona nyonga mbovu njooni mniulize, nami nilikuwa nimeiona ile picha kwenye taa kwa macho yangu. Nilidhani dada hajui. Juzi Bi Nasma wa Chamwino, huyu aliyekaa karibu na Devota, amenieleza kwamba mwezi Februari marehemu alikuwa akipita mbele ya geti lake, akasikia mbwa akikimbia ndani kwenye sakafu ya saruji, akasimama, na kabla geti halijafunguliwa akasema huyo mbwa anaruka kwa miguu miwili, ametoka wapi. Bi Nasma akajibu kwa fahari kwamba ametoka kwa Mzee Lameck. Dada alikaa pale saa nzima akimfundisha namna ya kumlisha na kumtunza asiumie, na juu yangu hakusema neno baya hata moja. Kutoka hapo alikuja kwangu, akanywa chai, akaniuliza mbwa wa shemeji hajambo, nikasema hajambo, akaniangalia kidogo, akaomba sukari.

Angeweza kuniaibisha siku ile, akanipa miezi minne. Nilipoishindwa hiyo, akanipa siku ya leo, mbele yenu, na mbele yake. Nimeona aibu, lakini kuliko aibu nimeona ajabu, kwamba mtu aweza kukujua hadi kwenye kikombe cha nyonga, na bado akakuchagua wewe umsomee historia yake.

Kepteni alihasiwa jana asubuhi, nilimshika kichwa mwenyewe. Kwa siku tatu hizi nimewafikia kumi na mmoja kati ya wale kumi na tisa, kwa simu na kwa bodaboda, nikasema kosa ni langu, na wamebaki wanane, hivyo nyote mliochukua mbwa kwangu, au mnaomjua aliyechukua, naomba tuonane baada ya mazishi, palepale kwenye mabanda, nami nitabisha hodi kwa kila mmoja kama alivyobisha yeye.

Marehemu alifariki dunia Jumatatu tarehe 16 Juni 2025, saa moja asubuhi, kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole na kuvumilia picha za mbwa dirishani, madaktari wa wanyama wa Morogoro, wenzake wa ranchi waliokuja na maua ya porini kutoka Kongwa, majirani wa Veyula ambao tangu Jumatatu wamepika, wamechota maji na kulisha mbwa bila kuombwa, Mchungaji na waumini wote, na Bwana Munir, ambaye mbwa wake mbovu wa nyonga ana miaka mitano sasa, mwembamba, anatembea, na amekuja naye leo kwa sababu, amesema, naye ni mfiwa.

Ukurasa mweupe umejaa, dada, sikuacha kitu. Pumzika kwa amani.