Mlango wa Vidole Viwili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Mlango, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali, mama yake dobi. Mdogo wake alipozaliwa alikuwa na usingizi wa mang'amung'amu. Mlango ukibamizwa, mtaa mzima ulikesha naye. Basi mama akamfundisha marehemu kufunga mlango kwa vidole viwili, taratibu, mpaka kitasa kijibu chenyewe. Ujuzi uliomlisha maisha yake yote ulianzia hapo. Mdogo wake huyo, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu na ambaye watoto wa nyumba hii humwita Baba Mdogo, mpaka leo hajashukuriwa kwa mchango wake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 akamaliza 1966. Yeye na hesabu walikosana mapema, wala hawakupatanishwa. Alikaa mwaka mmoja katika chuo cha ufundi wa magari, ambako mwalimu wake alimwambia, "Kijana, wewe gari ukilifungua halifungiki tena. Lakini ukilisifia, hata mimi natamani kulinunua." Marehemu hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili.

Tarehe 3 Juni 1974 aliajiriwa kuuza magari ya Korongo, yale yenye nembo ya ndege aliyesimama kwa mguu mmoja. Enzi hizo Korongo lilikuwa gari la vijana: dogo, la rangi ya chungwa, lenye kelele za pikipiki. Mwenye mvi akionekana ndani yake, watu walidhani ameliiba. Marehemu hakuhangaika na habari za injini. Alimwambia mteja afunge mlango kwa vidole viwili, asikilize. "Mlango hausemi uongo," alikuwa akisema. "Uongo ni kazi yangu mimi." Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani mwenye duka pale kwenye mzunguko wa barabara. Alifunga ule mlango, akaufungua, akaufunga tena, akasema, "Hili ni langu." Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana.

Wateja wakaoa, Korongo likaongezwa buti. Wakazaa, likapata milango minne. Migongo ikaanza kulalamika, viti vikainuliwa. Macho yakafifia, tarakimu za kwenye dashibodi zikanenepa. Kila badiliko hapo lilitoka kinywani mwa marehemu: alisikia wateja wakiguna wakati wa kushuka, akapeleka habari juu, na wakubwa wakasikiliza, wakampa vyeti. Gari likazeeka na watu wake, kama kiatu kinavyojua mguu.

Mkewe alimpatia humo humo katika duka la magari. Binti alikuja na baba yake, akabamiza mlango wa gari jipya. Marehemu akamwambia, "Dada, mlango haujakukosea kitu." Binti akamjibu, "Na wewe je, nimekukosea nini mpaka unanifuata?" Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, wakajaliwa watoto watatu. Kifungua mimba alipoanza kazi alinunua gari la kampuni nyingine, akidai Korongo ni la kuwapelekea wazee kliniki. Marehemu hakugomba. Alimwomba tu aliegeshe kona ya pili, majirani wasidhani nyumba ina msiba.

Maneno hayo ya utani ya mtoto, ndiyo meneja mpya aliyoyasema bila utani mwaka 2017. Alikuwa kijana avaaye viatu bila soksi. "Mzee, wastani wa umri wa wateja wetu ni miaka sitini na nne," alisema. "Kila mazishi tunapoteza gari."

"Na wewe umri wako umeuegesha wapi?" marehemu akamuuliza.

Meneja alicheka, akampiga begani. Baada ya mwezi mmoja akamwomba amlete mteja wa miaka mingi apigwe picha, eti kampuni iwashukuru watu wake. Marehemu alimpeleka fundi cherehani. Fundi alijishonea suti mpya ya kijivu kwa ajili ya siku hiyo, akasimama kando ya Korongo lake refu, lile la kubebea majora ya vitambaa, mkono juu ya paa, akatabasamu kama bwana harusi.

Tarehe 9 Oktoba bango likasimamishwa pale kwenye mzunguko, likiutazama mlango wa duka la fundi. Mbele kulikuwa na Korongo jipya, limelala chini kama sahani, na msichana anacheka. Nyuma, ndani ya ukungu, alikuwa fundi na suti yake. Maneno yalisomeka: MWACHE BABU APUMZIKE. SASA NI ZAMU YAKO.

Marehemu alikwenda dukani kwa fundi siku hiyo hiyo.

"Ulinivalisha suti ili mji mzima unicheke?" fundi akamuuliza, mguu haujatoka kwenye cherehani.

"Sikujua, ndugu yangu."

"Wewe unayejua bawaba iliyolegea ukiwa ng'ambo ya barabara, hili ndilo hukulijua?"

Marehemu alirudi kwa meneja kuomba bango lishushwe. Akaambiwa, "Mzee, tangazo limependwa. Hata mama yangu limemchekesha." Hapo alibandua ile nembo ya ndege kwenye koti lake, akaiweka mezani, akatoka. Koti likabaki na matundu mawili ambayo alikataa yashonwe. Alisema waliomlisha miaka yote wamemtumia kama ndoano, na kwamba kuibiwa si kitu; kitu ni kufanywa mwizi wa rafiki yako.

Tangu hapo, kila Jumamosi aliegesha Korongo lake mbele ya duka la fundi, akaufunga mlango kwa vidole viwili, akasalimia, "Fundi, habari za kazi?" Cherehani ndiyo iliyojibu. Miaka ikapita hivyo. Mkewe, Shemeji yetu, akimwambia aache, yeye alikuwa akisema, "Nataka ajue sikujua. Basi."

Mwishoni mwa mwaka 2022 miguu ilianza kumvimba. Daktari alipima akasema moyo umepanuka. Shemeji akamwambia hilo yeye alilijua bila mashine. Alilazwa tarehe 6 Februari 2023. Jumamosi ya pili akiwa wodini, alisikia mlango wa gari ukifungwa chini ya dirisha. "Hilo ni Korongo refu," alisema. "Bawaba ya nyuma inataka mafuta." Fundi akaingia na futi shingoni.

"Sijaja kusamehe," alisema. "Nimekuja kupima. Ile suti nimeifumua, lakini kitambaa hakina kosa."

"Unanishonea ya kutokea hospitali, au ya kwenda nayo?"

"Utaniambia wewe."

Alifariki tarehe 21 Februari, saa kumi na moja alfajiri. Juzi fundi alileta suti nyumbani. Alimkabidhi Shemeji, akasimama kidogo mlangoni, akasema neno moja: "Hakujua."

Kampuni imeleta shada lenye kadi inayomwita marehemu "mwanafamilia wetu". Tumeliweka nje ya geti, kwa kuwa hatuna ugomvi na maua. Bango bado lipo. Tutalipita tukielekea makaburini. Jeneza litabebwa na Korongo la fundi, na mlango wa nyuma ataufunga yeye mwenyewe. Waombolezaji wote, akiwemo kifungua mimba mwenye mikono mizito, wanaombwa wasimsaidie.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake mmoja mwenye usingizi mwepesi, na rafiki mmoja.

Apumzike kwa amani kaka yetu, kwa kuwa amechoka, wala si kwa kuwa kuna aliyemwambia zamu yake imekwisha.