Waliponiuliza Nilinunua Ngapi

Wamama wenzangu, na wazee wetu wawili pale nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi. Mliona nimepotea hapa kwenye kikundi chetu miezi mingi. Leo nawaambia sababu.

Nilikuwa na ploti Karagita, vyumba sita vya kupangisha. Nilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Vilikuwa vibaya! Mabati yanavuja, choo kimebomoka. Mchana nilifanya kazi shamba la maua, jioni nambebea fundi mchanga. Vikapendeza, wapangaji wakajaa.

Halafu mama yangu akapata kiharusi huko kwetu Kuresoi, na mtoto ni mimi tu. Majirani walikuwa wanamgeuza kitandani kwa zamu, nami niko huku. Nikaamua kuuza nirudi nyumbani.

Mnunuzi wa kwanza, kijana nadhifu, alizunguka, akapenda. Kisha akauliza, kwa lugha ya vijana ya kumwita mama, "Mathe, wewe ulinunua pesa ngapi?"

Ndugu zangu, nilishtuka. Niliogopa nikisema ukweli ataniona mlafi, maana nilikuwa nauza kwa bei ya juu zaidi. Nikataja karibu mara mbili ya bei niliyonunulia. Kumbe mpangaji mmoja alishampa namba ya yule mzee aliyeniuzia! Akampigia hapo hapo, akaweka simu kwa spika. Mzee, bila kujua nasikia, akataja bei yenyewe, akaongeza, "Huyo mama ni mwaminifu sana."

Wapangaji walikuwa wanaanika nguo. Walisikia yote. Kijana akasema tu, "Sawa, mathe," akaenda. Afadhali angenitukana.

Maneno yakatembea. Wanunuzi wakakatika. Nikaacha kuja hapa, maana ningewaangalia na macho gani? Na mama bado amelala huko.

Mmoja wenu, amenikataza kumtaja, akanifuata nyumbani. Nikamweleza nikilia. Akaniuliza, "Nani alikuambia ni lazima ujibu? Si ungesema hiyo ni siri yako? Uongo ulienda kuutafutia nini?" Tukacheka, machozi bado yananitoka.

Wiki hiyo wakaja mume na mke. Mke akaniambia wazi, "Tumesikia ulidanganya mtu bei."

Nikasema, "Ni kweli, nilimdanganya, na nilikosea. Nyinyi sitawadanganya. Lakini bei niliyonunua sitaisema, hiyo ni yangu. Niulizeni kodi, maji, hati, kazi ya fundi. Ulizeni pia majirani ploti zinauzwa vipi sasa. Na hicho chumba cha mwisho, mvua ikizidi ukuta unalowa. Njooni muone."

Mume akaenda kuushika ukuta. Akakawia huko! Nikajua nimewapoteza. Akarudi, akamwambia mkewe, "Mwingine angepaka rangi afiche." Wakaomba nipunguze kidogo sababu ya ukuta, nikakubali. Tukaenda kwa wakili kuandikiana.

Sasa naishi Kuresoi. Mama anaota jua nje, ananigombeza vile napalilia viazi. Nami nalala usingizi, jamani!

Nashukuru wale majirani walionishikia mama. Nashukuru yule mzee: nilimpigia kuomba msamaha, akanisamehe kabla sijamaliza. Na wewe uliyenifuata nyumbani, unajijua.

Mtu akikuuliza ulinunua ngapi, una ruhusa ya kutosema. Ya kudanganya huna. Mimi nilidhani lazima nichague, ama niseme yote ama niongope. Kumbe kulikuwa na njia nyingine, na hiyo ndiyo ilinifikisha kwa mama akiwa bado ananijua jina.