Uji Niliopelekewa Wakati wa Mionzi

Nilisikia mlio kwanza. Ulikuwa kama mlio wa nyuki wengi waliofungiwa ndani ya mzinga wa chuma, ukianzia kwenye sikio langu la kulia na kuzunguka taratibu kuelekea la kushoto. Sikuona kitu. Uso wangu ulikuwa umebanwa na barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la mashavu yangu na kufungwa kitandani, na macho nilikuwa nimeyafumba kwa hofu. Ndivyo nilivyokutana na mionzi. Ndugu zangu, Bwana aliyenisikia ndani ya barakoa ile, nikiwa siwezi hata kufungua mdomo, apewe sifa asubuhi hii.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Wairimu, mfuma sweta wa Majengo. Ugonjwa huu niliuona kwanza kwenye kazi yangu. Kidole cha mkono wa kushoto kilianza kuuachia uzi. Kisha nikafuma sweta ya shule, mkono mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Nikaufumua, nikafuma tena, ukatoka vilevile. Mteja akaniuliza kama siku hizi nawafumia nyani. Tulicheka pamoja. Wiki hiyohiyo nilianguka mbele ya mashine, nikatetemeka, nikajiuma ulimi. Picha ilionyesha uvimbe ndani ya ubongo. Walinipasua kichwa, wakatoa walichoweza kutoa, na kilichobaki wakasema ni saratani, tena ya aina isiyongoja.

Nikaanzishiwa mionzi kila siku ya kazi, pamoja na kidonge cha saratani, kidonge cha kuzuia kifafa na kingine cha kupunguza uvimbe. Daktari wetu, mama mpole aliyehamia huku kutoka magharibi, aliniambia jambo nikalishika: mionzi haitaki kukatizwa ovyo. Ikikatizwa, ugonjwa unapata nafasi ya kuinua kichwa. Akaniuliza kama natumia kitu kingine chochote, cha duka au cha miti shamba. Nikasema hapana. Kwa kadiri nilivyojua, nilikuwa nasema kweli.

Sasa, ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Akina mama wa kikundi chetu cha hapa kanisani walikuja nyumbani kwangu kwa zamu, kila mmoja na thamosi yake ya uji wa kuchacha. Na mgonjwa hachagui uji wa huyu akaacha wa yule. Anaonja wa wote, mama wa watu asirudi na thamosi iliyojaa kama aliyefukuzwa.

Aliyewaongoza ni Tata, dada ya marehemu mama yangu. Tata alinichukua nikiwa bado nanyonya. Alinilea Endarasha, kwenye baridi ile, akipalilia viazi huku amenibeba mgongoni. Sina mama mwingine ninayemkumbuka.

"Kunywa, Wairimu," aliniambia. "Mama ya watu ametoka Kieni na asubuhi hii yote. Utamwambia nini?"

"Tata, tumbo imejaa."

"Ati imejaa? Imejaa na nini, na hewa?"

Wakacheka, na mimi nikanywa.

Nisichokijua wakati huo ni kwamba kila mmoja alikuwa ametia chake. Huyu aliweka unga wa manjano vijiko kwa vijiko. Yule alichemsha mizizi. Mwingine alisaga vidonge vya virutubisho alivyouziwa kwenye mkutano, alikoambiwa vinasafisha damu. Uji wa kuchacha huficha uchungu wote. Na kwa sababu kwetu msaada kwa mgonjwa hautangazwi, hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mama aliamini ni yeye peke yake aliyeongeza kitu. Walinipenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, kikombe juu ya kikombe.

Macho yangu yakawa manjano. Mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nilitapika hata maji. Kifafa kilichokuwa kimetulia kikarudi, nikaanguka jikoni na kuchubuka uso. Damu ilipopimwa, ini langu lilikuwa limeumia vibaya. Daktari akasimamisha kidonge cha saratani, akasimamisha na mionzi. Akasema ini lisiporudi, hatajua la kufanya.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposhuka chini kabisa. Saa za kwenda hospitali zilifika nikiwa nimekaa sebuleni, nikitazama ukuta. Nilijua kilicho ndani ya fuvu langu hakijapumzika pamoja nami. Sikuomba uponyaji tena. Nilimwomba Mungu anichukue kabla sijasahau jina la mume wangu.

Mume wangu anaitwa Kariuki. Ni yeye aliyekuwa akiosha thamosi za wageni ili zirudi safi. Alasiri moja alinijia ameshika moja mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Huu ni uji gani unabakisha mchanga?"

Tuliangalia pamoja. Chini kulikuwa na masalio ya kijani. Kwenye nyingine yalikuwa manjano, kwenye nyingine meusi. Alizitia thamosi zote kwenye kiondo bila kumaliza kuziosha, akazipeleka kwa daktari.

Daktari hakutugombeza. Hakuapa kwamba ni uji ulioniumiza. Alisema hata vidonge vyake vyenyewe vinaweza kuchosha ini. "Sisemi kila mmea ni sumu," alisema. "Kuna dawa za nyongeza zinazochunguzwa, na labda kuna zitakazosaidia. Lakini nyingine zinagombana na dawa ya kifafa, nyingine na ya saratani. Mimi napima dawa zako kwa uangalifu, Wairimu, na wakati huohuo mtu mwingine anakupimia na kijiko. Nitakutibu aje kama sioni?"

Tukawaita akina mama. Walisema, mmoja mmoja, walichokuwa wakitia. Wengine walilia. Tata alikunja mikono. "Mimi sikuweka dawa," alisema. "Niliweka chakula."

Uji ukakoma. Macho yakaanza kurudi meupe, polepole sana. Siku daktari aliposema ini limetulia na mionzi inaweza kuendelea, nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali, watu wakinitazama.

Mmezoea ushuhuda wa mtu aliyepona. Mimi sijapona. Jumatatu narudi chini ya mashine, na hakuna aliyeniahidi mwaka ujao. Lakini namshukuru Bwana kwa mlango alionifungulia tena. Na wewe unayeuguza mtu, au unayeugua kimya, nakuomba umtumaini, na kumtumaini kwako kusikufanye umfiche daktari kilicho kikombeni. Bwana haogopi kuulizwa swali.

Leo kiti cha Tata kiko wazi. Jana alikuja peke yake, akamimina uji kabla hajaketi.

"Huu nimepika mwenyewe," alisema. "Hakuna mtu mwingine ameugusa."

"Ndani kuna nini, Tata?"

"Nilikulisha ukiwa huna meno. Uliniuliza kuna nini?"

"Niambie tu, nimuulize daktari kwanza."

Alinisogezea kikombe. Nikakifunika kwa kiganja changu, mkono ule wa kushoto usio na nguvu, na mvuke ukanichoma.

"Sitakunywa, Tata. Nisamehe. Nataka kuishi."

Aliurudisha uji kwenye thamosi bila kumwaga hata tone. Akakaza kifuniko. Akaifunga leso yake kichwani upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Basi ishi," alisema, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.